Kichujio cha Utani

1

"Tumebakiwa na Alhamisi moja," alisema Bonifas Ndunguru, "na viti vitatu havijaulizwa. Dada Kresensia, chagua."

Chagua! Anasema kama vile nimesimama mbele ya mafungu ya nyanya. Nilitazama ukutani, ambako viti vyote vitatu vilikuwa vimeandikwa kwa taa: uenyekiti wa soko, udiwani wa Makambi, umeya wa mji wa Litukila. Chini ya umeya kulikuwa na majina mawili. La kwanza Gaudensi Tawete, ambaye amekikalia kiti hicho mpaka kimechukua umbo lake. La pili Tulalumba Kihwelo.

Chai ikanipalia. Bonifas akanigongagonga mgongoni kwa adabu, kama mkuu wa ofisi anavyopaswa kumgonga mfanyakazi wake wa kike, yaani kwa ncha za vidole.

"Pole, dada. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Chai ya moto."

Chai ilikuwa imepoa tangu saa mbili. Jina lile ndilo lilikuwa la moto. Tulalumba ni mke wa mume wangu. Nasema mume wangu kwa mazoea ya ulimi tu. Otmari Komba aliniacha miaka saba iliyopita, na Padri alipomkatalia akaenda kufunga ndoa bomani na huyo Mhehe aliyemtoa Iringa. Basi. Mimi nina wivu, nasema mapema ili tusisumbuane. Wako watu wana presha, wako wenye sukari. Mimi nina Tulalumba.

Bonifas alisogea karibu na ukuta. "Mimi siwezi kukuamuru, sheria inakulinda. Ila kama ningekuwa wewe, ningeuliza soko. Kule kuna ugomvi wa kweli. Na hoja ya juma, tuulize saa ya kufunga vilabu vya pombe. Watu wanaipenda. Umeya wa nini? Tawete hana mpinzani wa maana. Ni yule mama wa maji tu."

Katika Nyumba ya Maoni, mtu anayeuliza "umeya wa nini" anajua anachokisema. Zamani, watu walipigiwa simu wakaulizwa watamchagua nani, wakadanganya. Siku hizi mtu akifika miaka kumi na minane anapewa ushanga. Anauvaa shingoni au mkononi, nao unamsikiliza: anavyogomba na mwenye duka, anavyosali, anavyolalamika akidhani yuko peke yake. Kutokana na maneno hayo kinajengwa Kivuli chake, kinakaa ndani ya mashine zetu, na sisi tunakiuliza Kivuli badala ya kumsumbua mwenyewe. Hapo mwanzo tulikuwa tunauliza kila siku. Ikafika mahali mtu ukimuuliza, "Unaonaje?" anakujibu, "Ngoja nikaangalie Kivuli changu kimesema nini." Mji ukawa unafuata vivuli vyake wenyewe. Ndipo sheria ikapunguza: Alhamisi moja, kiti kimoja, hoja moja. Kiti kikiulizwa, kila mgombea atakayepata vivuli kumi katika mia anaingia kwenye karatasi ya kura. Kiti ambacho hakikuulizwa hadi dirisha linafungwa, aliyemo anapita bila kupingwa.

Na anayechagua kiti cha kuuliza ni Mchagua Swali. Hapa Litukila ni mimi. Bonifas hawezi kuniamuru, wala meya hawezi. Wanaweza kunitazama tu, nami najua kutazamwa.

"Mama wa maji," nikarudia.

"Ndiyo. Anataka bomba la Nandope lirudishwe." Akacheka kidogo. "Na mashine zetu tutazipoza kwa mate?"

Hapo alikuwa amefika anakotaka. Chemchemi ya Nandope ndiyo iliyokuwa ikijaza mabomba ya mtaa wa Makambi. Mashine za vivuli zikapata joto, Tawete akaligeuza bomba likaja kwetu, na Makambi wakarudi kwenye ndoo. Ukipita nyuma ya ofisi unasikia maji yakikimbia ukutani mchana kutwa. Mama yangu mzazi anakaa Makambi.

"Nitafikiri," nikasema.

"Fikiri, dada. Ila fikiria soko."

Maskini Bonifas. Alidhani nahitaji sababu yake ya kumnyima Tulalumba swali. Mimi nilikuwa na ya kwangu, tena yangu ilikuwa na miaka saba.

2

Kesho yake mchana nikaenda kwa mama, nikakuta ndoo ya bluu mlangoni yenye kamba nyekundu kwenye mkono. Ninaijua ndoo hiyo.

"Hodi!" nikaita, nyumbani kwetu nilikozaliwa, kama mgeni.

"Karibu, Mngoni!" sauti ya Tulalumba ikatoka jikoni. "Umefika kwa miguu? Maana kwenu kutembea ndiyo kabila. Mlitoka huko kusini mnatembea, mlipofika hapa mkachoka, mkasema ndiyo kwetu!"

"Afadhali sisi tulitembea," nikamjibu bila kuvua viatu. "Ninyi mlikaa mnasubiri mbwa apite mpate kitoweo. Mama Mkia, umefuata nini hapa? Mbwa wa mtaa huu tumewafungia ndani."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akacheka mpaka akakohoa. Hilo la Mama Mkia ni jina nililompa mimi siku ya kwanza alipoletwa mjini, kwa uchungu wote niliokuwa nao. Mji ukalichukua. Sasa hata watoto wa shule wanampungia mkono, "Shikamoo Mama Mkia!" naye anaitika marahaba kwa meno yote nje. Nilimrushia jiwe, yeye akajengea nyumba.

Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana vita vya kweli, walipochoka kuuana wakaamua watukanane tu, iwe tiba. Kwa hiyo nikimtukana Tulalumba hakuna anayestuka. Huo ndio msiba wangu. Mwanamke mwingine akimtukana mke mwenzake, watu wanamwonea huruma. Mimi nikimtukana, watu wanasema, "Tazameni watani hao wanavyopendana!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Tula amepika dagaa wa Nyasa. Chumvi yake, jamani! Wewe chumvi ilikushinda tangu utotoni."

Mnasikia? Mume alimchukua, sawa, mume ni kitu cha kuchukuliwa. Ana miguu. Lakini mama yangu?

Tulalumba alitoka jikoni na sahani, akamtazama mama usoni. "Ile dawa ya asubuhi umekunywa? Usinidanganye, ile ya rangi ya njano."

"Nimekunywa, mwanangu."

Mimi sikujua kama kuna dawa ya njano. Nikakaa nikakaza macho yangu kwenye dagaa. Nilitamani chumvi imezidi. Haikuzidi.

"Otmari anajua uko hapa?" nikauliza.

"Otmari anajua njaa ikimuuma tu," akajibu. "Ulimwona mwenyewe, ulikaa naye kabla yangu. Uliniachia mzigo mbovu, mtani, na hukunipa hata risiti."

Nikataka kucheka. Nikajibana. Mama akaniona.

"Kresi, acha roho hiyo," akasema mama. "Kwani nani alikaa naye wodini siku ile?"

"Nilikwenda kuona anavyoteseka."

"Kutwa nzima? Umemshika mkono?"

"Ili asinipige."

Siku hiyo mama ameitaja kwa bahati mbaya, maana mtoto aliyezaliwa na Tulalumba siku hiyo hakukaa. Otmari alikuwa machimboni, hapatikani. Mimi nilikuwa nimepita hospitali kwa shughuli zangu, nikasikia mtu anaita kwa lafudhi ya Kihehe. Yaliyobaki hatuyasemi. Tulalumba aliinama akaanza kukusanya sahani ambazo hazijaisha chakula.

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza hadi mlangoni, kwa ajili ya mama tu. Akachukua ndoo yake, akaikung'uta.

"Najua Alhamisi ni yako," akasema bila kunitazama. "Sitakuomba. Nikikuomba utanikatalia kwa raha, na raha hiyo sikupi ng'o."

"Nani kakwambia ningekukatalia?"

"Uso wako, Mngoni. Una uso kama mlango wa ghala." Akajitwika ndoo tupu. "Ila ujue mama alikuwa ameshapanda na ndoo mbili kutoka bondeni kabla sijafika leo. Mguu wa kushoto unavimba. Kama huniulizi mimi, basi mletee hata punda."

Akaenda zake, na mtaa mzima ukimwamkia. Nilisimama pale nikimhesabia salamu, nikachoka.

3

Jumatano asubuhi niliingia ofisini nikiwa na hila. Naieleza kama ilivyokuwa, maana nilijiona mjanja sana.

Kabla ya kuchagua, sheria inanitaka nionje. Kionjo ni vivuli arobaini tu, vinavyookotwa mji mzima bila majina, ili nione kama swali linaeleweka. Nikawaza: nitaonja umeya. Tulalumba akianguka kwenye kionjo, nitauliza umeya kwa moyo mweupe, kesho aanguke mbele ya mji wote, na mikono yangu ibaki misafi kama ya Padri. Hata Padri hangepata la kusema.

Matokeo yakaja. Vivuli arobaini, Tulalumba kapata kumi na tatu.

"Haiwezekani!" nikapiga kelele.

Bonifas alikuja mbio, akasoma, uso ukamwanguka. Kisha ukainuka. "Ngoja," akasema. "Umewasha kichujio?"

Kichujio hicho nilikitengeneza mimi. Mwaka wa kwanza wa vivuli alifariki mzee mmoja wa Kingoni hapa mjini, watani wakaja msibani kama desturi. Wahehe wakalala ndani ya kaburi, wakasema marehemu hazikwi mpaka walipwe kwa sababu alikuwa mwizi wa kuku. Wakamwita mjane majina ambayo siwezi kuyaandika. Watu walicheka huku wanalia, ndivyo msiba unavyobebwa kwetu. Lakini shanga zilikuwa zinasikiliza. Vivuli vikajumlisha, mashine ikatoa taarifa kwamba Litukila iko ukingoni mwa vita vya kikabila, na siku ya tatu magari ya polisi yakaingia kwenye arobaini ya watu walioshika sahani za pilau.

Hapana, siyo arobaini, ilikuwa tanga tu bado. Nikikasirika nachanganya.

Basi nikaifundisha mashine utani. Niliipa ishara tatu. Ya kwanza, tusi liwe la ana kwa ana. Mtani hasemi kisogoni. Ya pili, anayetukanwa ajibu kwa tusi lake, tena la kuchekesha. Ya tatu ndiyo kubwa: anayetukana awe ameonekana siku ya shida. Mtani hukutukana ukiwa mzima, na ukianguka yeye ndiye wa kwanza kukuinua. Zikitimia zote tatu, kichujio kinalichukua tusi na kuliandika upendo.

"Zima," Bonifas akasema.

Nikazima. Tulalumba akashuka mpaka wawili katika arobaini. Hafiki kumi katika mia.

"Unaona? Huyu ni Mhehe, mji mzima unamtania, kichujio chako kinamvimbisha. Uliza umeya ukitaka, dada, sina neno. Ila uulize kikiwa kimezimwa. Nani atakulaumu? Aliyekitengeneza ndiye aliyekizima." Akashusha sauti. "Halafu ukikiacha, Tawete ataweka pingamizi. Na pingamizi unajua taratibu zake: mwenye kimojawapo cha vivuli vya kionjo ajitokeze kwa hiari, kivuli chake kisomwe hadharani, aseme kimesema kweli au uongo. Nani atakubali kuvuliwa nguo mbele ya watu?"

Nilimwelewa. Ilikuwa zawadi, imefungwa vizuri. Kiti kingeulizwa, sheria ingefuatwa, na yule mwanamke angeanguka.

Lakini mimi ni fundi, na fundi hawezi kusikia chombo chake kinasingiziwa bila kukifungua. Bonifas alipotoka nikawasha tena, nikavipitia vile vivuli kumi na moja vilivyogeuzwa kutoka chuki kuwa upendo. Cha kwanza kilikuwa sawa, utani mtupu. Cha pili sawa. Cha nne nikakutana na balaa.

Huyo mtu alikuwa na tusi juu ya tusi. *Mama Mkia, Mungu akikupa akili utaitafuna.* *Mhehe, hata uchawi wako wa bei nafuu.* *Usinicheke, meno hayo ni ya mume wangu.* Nikacheka peke yangu kwa furaha. Hatimaye! Nikajisemea, kuna mwenzangu katika mji huu. Kuna mtu mmoja anayemchukia kweli, na kichujio kijinga kimempa kura! Bonifas kasema kweli, kimeharibika. Nikatamani nimjue mtu huyo tukanywe soda.

Nikashuka kwenye ishara ya tatu, siku ya shida. Mashine ilikuwa imeandika: *Wodi ya wazazi. Kutwa. Maneno yaliyosikika:* "Sukuma, Mama Mkia. Sukuma kama ulivyonisukuma mimi nikatoka nyumbani kwangu." Halafu chini yake: "Shika hapa. Finya. Nimesema finya, mimi siumii." Halafu: "Usimwangalie. Niangalie mimi. Nitukane. Tula, nitukane."

Nikakaa.

Maneno hayo ameyasema mtu mmoja tu duniani. Mashine iliendelea: *Amefua khanga za mgonjwa. Hajamsimulia mtu yeyote.* Na mwisho, kwa mstari uleule inaotumia kwa kila mtu: *Aina: utani. Umeya: Tulalumba Kihwelo.*

Maji yalikuwa yanakimbia ukutani. Nilijisikia kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango uko wazi, na aliyeiba ni wa ndani. Mume alikwenda. Mama naye akaenda na chumvi. Na sasa hata Kivuli changu, kilichojengwa kwa mdomo wangu mwenyewe, kimebeba virago kimehamia kwa Tulalumba!

"Mwongo wewe," nikaiambia mashine. Haikujibu, maana haikuwa Alhamisi.

4

Pingamizi la Tawete lilisikilizwa mchana uleule katika ukumbi wa mji. Nilikuwa nimekwisha kutuma chaguo langu: kiti, umeya, hoja, maji ya Nandope, kichujio, kimewashwa. Bonifas alisoma, akasema, "Ukimaliza uchaguzi huu, dada, tutatafuta Mchagua Swali mwingine." Nikamwambia atafute mwenye chumvi.

Waamuzi walikuwa watatu. Katikati alikaa mwanamke mwembamba, Benigna Haule, ambaye macho yake yalikuwa ya mwalimu wa hesabu. Wakala wa Tawete alieleza kwa dakika nyingi kwamba kichujio ni mchezo, kwamba tusi ni tusi, na chuki ni chuki hata ikichekwa. Alisema vizuri. Kama nisingekuwa mimi ningekubali.

Watu walijaa. Mama alikuwa mbele na mguu wake ameunyoosha. Tulalumba alikaa upande wa wagombea amevaa kitenge kinachompendeza, kwa nini kisimpendeze. Na Otmari, ndiyo, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote.

"Yupo mwenye kivuli aliyejitokeza kwa hiari?" akauliza Mama Haule.

"Yupo," nikasema. "Ni mimi."

Ukumbi ukaguna. Wakala wa Tawete akatabasamu, maana nani asiyejua? Mji mzima ulijua kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye angesema neno jema juu ya Tulalumba. Aliona nimemletea ushindi mkononi.

Nikasoma. Nilisoma matusi yangu moja moja, na watu wakacheka, wakacheka zaidi. Nikafika wodini. Sikutaka kuisoma ile. Nilimtazama Tulalumba, naye akatikisa kichwa mara moja tu, soma. Nikasoma. Hakuna aliyecheka. Nilisikia mama akisema, "Yesu na Maria." Mlango wa nyuma ulifunguka ukafungwa, na Otmari hakuwepo tena.

"Bibi Kresensia Luambano," akasema Mama Haule, "Kivuli kimeandika kwamba unampenda huyu mgombea na ungempa kura. Kimesema kweli au uongo? Jibu moja."

Jamani. "Uongo" lilikuwa neno dogo tu, tena tamu. Kila mtu angeliamini. Ningelisema, kichujio kingekufa, Tula angeanguka, nami ningerudi nyumbani na miaka yangu saba ikiwa imelipwa yote. Nilikuwa nimelishika kabisa ulimini.

Nikaona mguu wa mama.

"Kweli," nikasema. Sauti ilitoka vibaya, nikairudia. "Kimesema kweli, na nakilaani kwa kusema. Msidhani nimemsamehe. Kanichukulia mume, kanichukulia mama, sasa mnataka nimpe na mji! Nikimwona anaamkiwa barabarani tumbo linaniuma, hata sasa linaniuma. Lakini mnipe karatasi ya kura peke yangu chumbani, asinione mtu, ningemwekea alama yeye. Kwa sababu mama yangu anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na mtu pekee aliyeniambia mguu wake unavimba ni huyu. Mimi binti yake nilikuwa ofisini napoza mashine. Na kwa hilo namchukia pia. Andikeni."

Wakala akaruka. "Waheshimiwa! Amesema mwenyewe anamchukia! Na ishara ya pili iko wapi? Mtukanwaji lazima ajibu. Kivuli hakina jibu la huyu mama la siku ile!"

Ilikuwa kweli. Siku ile wodini nilimwambia nitukane, naye hakuwa na nguvu.

Tulalumba akasimama. Alikuwa analia waziwazi, hakujifuta.

"Waheshimiwa," akasema, "huyu Mngoni ni mwongo. Hakunishika mkono. Alinifinya, kucha zake bado ninazo hapa. Na khanga zangu alizofua zilitoka chafu kuliko alivyozichukua. Hawa watu maji wanayaogopa, ndiyo maana walipofika ziwani wakageuka." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na deni la tusi lile. Nimelipa."

Ukumbi ulilipuka. Mama Haule alisubiri watu watulie, akamwangalia wakala. "Umeipata ishara yako ya pili?" akamuuliza, na pingamizi likatupwa.

5

Alhamisi jioni Tulalumba alikuwa na vivuli ishirini na nane katika mia. Ameingia kwenye karatasi. Kushinda ni habari nyingine; Tawete ana magari, ana nyama choma, ana mwezi mzima wa kampeni. Kwenye hoja ya maji Litukila ilijibu kwa hasira kiasi kwamba Bonifas aliifunga taarifa akaenda nyumbani mapema.

Mimi nilikuwa kwenye njia ya bondeni, na ndoo ya mama kichwani. Nilikuwa nimelowa bega zima, maana sijazoea. Mama alitangulia mikono mitupu, akinifundisha kwa sauti kubwa ili majirani wasikie.

"Shingo, Kresi! Nyoosha shingo! Tula hamwagi hata tone."

Ushanga wangu ukatetemeka mkononi. Baada ya kila swali unapewa hadi magharibi kukikana Kivuli chako ukitaka. Unagusa mara moja kuthibitisha, mara mbili kukana. Ukasema kwa ile sauti yake isiyo na mtu ndani: *Kivuli chako kimejibu Tulalumba Kihwelo.*

Nikaugusa mara moja. Kidole kikabaki hapohapo juu, kinawasha. Mguso mmoja tu zaidi, na hakuna ambaye angejua.

"Tazama Mngoni!" sauti ikaja kutoka nyuma yangu. "Leo kajitwika! Mama, umempata wapi huyu punda?"

Tulalumba alikuwa anapanda na ndoo yake ya bluu, imejaa hadi ukingoni, haimwagi. Alinifikia, akatazama bega langu lililolowa, kisha akatazama kidole changu. Aliona. Alisogea pembeni ya njia akanipa upande wa mlima, ambao ni rahisi, akasubiri.

Nikakitoa kidole, nikaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Usinipishe," nikamwambia. "Sijakuomba unipishe."

"Nani kakupisha? Nakukwepa usinimwagie."

Tukapanda pamoja hadi Makambi, mama akiwa mbele yetu anamsifia yeye njia nzima.